Sauti Niliyoikata

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeketi chini ya mashine ya kukausha nywele, simu sikioni, nikimsikiliza mama mkwe wangu akinisema vibaya bila kujua kwamba anayemsikiliza ni mimi.

Uliyekosa gazeti, nakukumbusha upesi. Mimi ni Faida, mshonaji wa Mudzipela, hapa Bunia. Pamoja na rafiki yangu Débora, mwenye saluni, tulianzisha Kioo ya Mama, mtandao wa wanawake wa kwenye simu. Jumatatu nywele, Jumatano chakula, Ijumaa "Uliza Tantine". Mwanamke anatuma shida yake kwa sauti. Débora anaigeuza sauti hiyo mpaka inafanana na ya bata mwenye mafua, ili mwenyewe asijulikane. Kisha Tantine Gentille, mkunga mstaafu na dada ya baba yake Débora, anajibu.

Tulikuwa na vikundi Bunia, Bule, Bambu mpaka Mahagi-Port. Na siku ile ikaingia sauti ya Mama Anselme. Anselme ni mchumba wangu, mwalimu wa hesabu.

"Tantine," mama yake alisema, "mutoto yangu anataka kuoa binti moja anakamata simu kuliko mwiko. Juzi alikuja kwangu, nikamupatia unga asonge bugali. Tantine, tulikula bugali na kijiko. Nifanye nini?"

Mama huyu alijua kwamba mimi napiga picha za nguo tu kwenye Kioo ya Mama. Simu ya maswali alidhani iko kwa Débora. Na Débora hakuwahi kukutana naye hata siku moja, kwa hiyo sauti ile haikumwambia kitu.

Nakiri jambo moja kabla sijaendelea. Bugali ule ulikuwa uji kweli.

Kila Alhamisi mimi ndiye niliyepeleka simu kwa Tantine, mtaa wa Nyakasanza, kwa sababu yeye simu yake ni ile ndogo ya kupiga na kupokea tu. Alhamisi ile nilimkuta barazani anachambua lenga-lenga. Nikamwekea lile swali. Akasikiliza mpaka mwisho, akaacha mboga.

"Rudilia tena."

Nikarudia.

"Mama maskini," akasema. "Weye Faida, haujui huyu binti ni nani?"

"Hapana, Tantine. Simujui."

"Kamata simu. Najibu."

Akajibu, mimi nimemshikia simu mdomoni kama mtu anayemlisha mgonjwa:

"Mama, asante kwa swali. Binti anashindwa bugali na anaweza simu, atakulisha nini? Picha? Ambia mutoto yako afungue macho. Akikataa kufungua, weye mama umufungulie."

Nikamshukuru. Nikatoka. Nikasimama njiani nikiwaza kuifuta sauti ile. Lakini Débora alikuwa anapiga simu kila dakika: "Iko wapi jibu? Bamama wanangoja!"

Ijumaa tukaitangaza.

Ndugu zangu, mkoa wote wa Ituri ulitikisika.

Lydie, mwandishi wetu wa Mahagi-Port, alituambia kwamba wauza samaki waliacha kupima samaki ili wasikilize. Bambu wakaomba kikundi cha pili, cha kwanza kimejaa. Bule, hata siku ambazo barabara ilikuwa haipitiki na magari yamelala, sauti ya Tantine ilipita. Na wote walisema neno moja: amufukuze.

Jumanne wakampa yule binti jina. Mademoiselle Uji.

Débora alinikumbatia katikati ya saluni, mikono imejaa mafuta ya nywele.

"Faida! Huyu Mademoiselle Uji ni zawadi ya Mungu! Simujui, lakini siku nitamuona nitamubusu!"

Alikuwa ananibusu tayari.

Mama Anselme alipoona amesikilizwa, akakolea. Kila wiki sauti mpya. Mademoiselle Uji ametia chumvi kwenye mboga ya sombe mara mbili. Mademoiselle Uji amekuja na suruali. Mademoiselle Uji ameangalia simu wakati wa sala. Hiyo ya sala nilitaka kukataa, kwa sababu niliangalia saa tu, lakini ningemkatalia nani?

Duka moja la mafuta ya ngozi likaomba Débora alitaje kabla ya kila jibu. Shirika la kina mama wa kanisa fulani likatualika tuzungumze kwao. Watu wakaanza kupiga picha mbele ya saluni. Mimi nilikuwa na mteja mmoja mnene, nampima gauni, pini ziko mdomoni mwangu, yeye anasema:

"Mie nikimukamata huyu Uji, nitamufundisha kusonga bugali na fimbo!"

Pini moja ilimwingia ubavuni. Nilimwomba msamaha. Sikuwa na majuto.

Kumbe balaa lenyewe lilikuwa bado njiani. Jioni moja Anselme alikuja, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akasokota kofia yake.

"Faida, Mama anasema tungojee mambo ya mali."

"Mahari? Tungojee mpaka lini?"

"Hakusema. Anasema kuna mutu ya hekima anamushauri."

"Mutu gani?"

"Anakataa kutaja. Anasema tu, huyo mutu hajakosa hata siku moja."

Anselme ni mtu mpole. Akipewa hesabu ngumu anaifanya taratibu mpaka mwisho. Lakini mbele ya mama yake hesabu zote zinamtoka. Aliponiaga aliniangalia kama mtu anayeaga kwenye kituo cha mabasi.

Usiniambie nilipaswa kufanya nini. Najua nilipaswa kufanya nini. Ningeenda kwa Tantine na kusema: binti yule ni mimi. Ningeenda kwa Mama Anselme na kusema: nifundishe bugali.

Nilichofanya ni kufungua simu na kutafuta sauti za zamani za Tantine.

Nikaipata moja, ya mwanzo kabisa, wakati hatujafika hata watu mia. Mama mmoja wa Bule, Dorothée, alikuwa ameuliza kuhusu ng'ombe wake. Alikuwa ameletewa ng'ombe mgeni, jina lake Rosette, na Rosette alikuwa anapiga teke kila akikamuliwa. Tantine amezaliwa kwa wafugaji wa ng'ombe. Alijibu kwa upendo ambao hajawahi kuuonyesha kwa binadamu:

"Mama, huyu ni mugeni kwenu, iko na woga. Usimupigie kelele. Umuite kwa jina yake, pole pole. Umupapase shingo. Umupatie chumvi kidogo ku mukono. Usimukaripie mbele ya wengine. Atazoea, na atakupatia maziwa."

Nilisikiliza mara nne. Katika Kiswahili chetu, ng'ombe ni "huyu" na mchumba ni "huyu". "Umuite" ni "umuite".

Siku ya Ijumaa Débora alienda kwenye kilio cha msiba mtaa wa Saïo, akaniambia nitangaze mimi. Nikachukua mwanzo wa jibu halisi la Tantine la wiki ile: "Mama, asante kwa swali." Nikabandika Rosette. Mwishoni nikakata "maziwa", nikaweka "furaha", niliyoitoa kwenye salamu za Tantine za Noeli. Chumvi ilinishinda. Kila nikiikata iliondoka na shingo, na shingo ilikuwa inaleta upole. Nikaiacha. Nikajiambia hakuna mtu atakayeijali.

Nikabonyeza.

Jumapili, baada ya misa, Mama Anselme aliniona uwanjani mwa kanisa. Akaja moja kwa moja. Nikajiandaa kukimbia.

"Faida," akasema taratibu.

"Shikamoo, Mama."

"Faaaida."

Akainua mkono. Nikafumba macho. Mkono ukatua shingoni mwangu, ukashuka, ukapanda, ukashuka.

"Pole pole," akanong'ona. "Pole pole, mutoto yangu. Usiogope."

Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba, akaifungua, akaniwekea kitu kiganjani.

"Kula kidogo."

Ilikuwa chumvi. Watu wa kanisa wanatoka, wanatuangalia. Nikailamba.

Anselme alinivuta pembeni. "Mama iko na homa?"

"Ananipenda," nikasema. Machozi yalinitoka, na sijui kama ni ya furaha au ya chumvi.

Tangu siku ile nilikuwa malkia. Hakunipigia kelele. Hakunikaripia mbele ya watu. Akaniita jikoni kwake, akanionyesha jinsi ya kukaza bugali, mkono wake juu ya wangu. Akasema, "Unaona? Moto kidogo, nguvu mingi." Na bugali ukakaza. Nilijisikia vibaya kidogo siku ile, kwa sababu alikuwa mama mzuri, na mimi nilikuwa nimemwibia wema ambao pengine angenipa bure.

Baada ya wiki tatu familia zikapanga siku ya mahari. Jumapili zote hizo nililamba chumvi. Nilikuwa nakunywa maji kama mchimbaji wa Bambu.

Na Kioo ya Mama? Tulifika juu kabisa. Jibu lile lilipendwa kuliko yote. Wakwe wa kila mahali walianza kupapasa wake za watoto wao. Kutoka Bambu tulipata ujumbe wa binti aliyekimbilia kwao, akisema mama mkwe amemshika shingo na anaogopa anataka kumnyonga. Tukatangaza mkutano mkubwa wa wanawake, ukumbi tukauomba, vitambaa vya sare vikachaguliwa, na mimi nikaanza kushona.

Sokoni kina mama walimsimamisha Tantine: "Tantine, siku hizi umekuwa laini!"

Alidhani wanasema magoti yake. Alikuwa amebadilisha dawa ya kupaka.

Sasa, yule Dorothée wa Bule hakuwa amesikia kitu. Simu yake ilikuwa imeanguka ndani ya ndoo ya maziwa, ikakaa kwa fundi wiki nyingi. Ilipopona, akakaa chini, akasikiliza yote yaliyompita, moja baada ya jingine.

Jumatano, saa nne asubuhi, akaandika kwenye kikundi kikubwa:

"Bonjour bamama. Samahani. Hii jibu ya Tantine si ya Rosette?"

Mtu akauliza: "Rosette ni nani?"

"Ni ngombe yangu."

Na akatuma sauti ya kwanza, nzima, na maziwa yake.

Nilikuwa kwenye cherehani. Niliona mistari ya ujumbe ikisimama. Hakuna aliyeandika. Kwa kikundi kile, kimya cha dakika moja kilikuwa kama kufungwa kwa soko. Kisha simu ikaanza kutetemeka, ikatembea yenyewe juu ya meza, ikaanguka.

Wengine walicheka. Wengi hawakucheka. "Mie nilipapasa bibi ya mutoto yangu wiki mbili!" "Mie nililisha wangu chumvi, iko na mimba, dokta alinigombeza!" "Nani ametufanya wachunga-ngombe?"

Halafu ikaja sauti isiyo ya bata. Sauti yake mwenyewe, wazi, Ituri nzima ikisikia.

"Ni mie! Mie ni Mama Anselme, ya Bunia, mtaa Lumumba! Ni mie niliuliza! Nilipapasa shingo ya mutoto ya watu mbele ya kanisa! Nilimulisha chumvi ku mukono! Na yeye akakula, maskini, kwa heshima! Nani amenifanyia hivi? Atoke!"

Watu hawakuhitaji muda mrefu. Mama Anselme, basi mwana ni Anselme. Anselme, basi mchumba ni Faida mshonaji. Kufika saa sita, kila mtu alijua Mademoiselle Uji ni nani. Nilijifungia ndani, nikangoja matusi.

Hayakuja. Zilikuja pole.

"Faida maskini!" "Walimusema miezi yote, na yeye anatushonea sare!" "Walimufanya ngombe, na hakulalamika!" Mteja wangu mnene alinipigia simu akilia, akiomba msamaha kwa ile fimbo.

Na swali likabaki: nani amekata sauti? Lydie wa Mahagi-Port, kwa nia nzuri kabisa, akajibu: "Kutengeneza sauti ni kazi ya Débora. Siku zote."

Basi.

Tantine Gentille alisikilizishwa majibu yote mawili kwenye simu ya jirani. Walioshuhudia wanasema alisikiliza amesimama.

"Sauti ni yangu," akasema. "Maneno ni yangu. Lakini mie sikusema hivi."

Akakaa chini.

"Miaka makumi tatu nilizalisha bamama. Hakuna moja alisikia siri yake ku mudomo yangu, wala uongo. Leo mutoto ya kaka yangu amenifanya muongo. Mie sina tena mutoto anaitwa Débora."

Kioo ya Mama kilivunjika mchana kweupe, mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Bambu walitoka wote pamoja kama watoto wa shule kengele ikilia. Mahagi-Port hawakutoka, ila walibadilisha jina la kikundi kikawa Samaki Mbichi, wakaendelea na biashara. Duka la mafuta likabandua karatasi yake ukutani mwa saluni. Kina mama wa kanisa wakasema ule mwaliko ulikuwa wa mwaka mwingine.

Kufika Jumamosi, kwenye kikundi kikubwa tulibaki watatu: mimi, Débora, na namba moja ya Aru ambayo haijawahi kusema neno tangu iingie.

Jumatatu nilienda saluni. Viti vyote vitupu. Débora alikuwa anasuka kichwa cha sanamu, kile cha kufundishia, taratibu, kama mteja wa kweli.

"Karibu," akasema. "Kaa. Nafasi iko mingi."

"Débora..."

"Hata wateja wa miaka kumi. Wanapita barabara ya pili. Tantine nilimusalimia jana ku kanisa, akasalimia nguzo." Akachukua uzi mwingine. "Faida, mie sikukata ile sauti."

"Najua."

"Unajua namna gani?"

Nilitazama kile kichwa cha sanamu. Hakikunisaidia.

"Ni mie."

Vidole vyake havikusimama. Alimaliza msuko ule mpaka ncha, akaufunga fundo.

"Kwa nini?"

"Mademoiselle Uji ni mie. Tantine alikuwa ananiondolea Anselme, kila Ijumaa, na mie ndiye nilikuwa namushikia simu."

Débora alinitazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kigoda, akakaa sakafuni katikati ya nywele za watu. "Chumvi!" akasema. "Faida! Ulilamba chumvi!" Nami nikacheka, tukashikana mikono, kama zamani.

Halafu akaacha kucheka.

"Na jina yangu?"

"Nipatie siku kidogo. Siku ya posho, hii Jumamosi, wanaleta ngombe ya mahari. Nikisema sasa, Mama Anselme hatakuja. Débora, nakuomba. Iko miaka makumi tatu na ine mie niko kwa baba."

"Weye uko kwa baba. Na mie? Mie niko kwa nani? Tantine ndiye alinilea."



Débora alisimama, akajifuta nywele kwenye sketi.

"Siku ya posho," akasema. "Wakifika, unasema. Kama husemi, mie sitasema pia. Lakini tukikutana ku njia, nitasalimia nguzo."

Siku zile tano nilijifunza hotuba. Nilikuwa na moja ya kusemea kabla ya chakula, moja baada ya chakula, na moja ya kuandika tu kwenye karatasi na kumpa Anselme. Kila asubuhi niliamka nimeamua. Kila jioni nilikuwa nimeahirisha.

Jumamosi parcelle ya baba yangu, uwanja mzima wa nyumba, ilijaa viti vya kukodi. Turubai likafungwa kutoka paa la nyumba mpaka karibu na mlango wa barabarani. Jikoni shangazi zangu walikuwa wanapika mchele na nyama, na wamenikataza nisisogelee bugali.

Wakaja. Tulisikia ng'ombe kabla ya watu. Wajomba wa Anselme waliwafunga nje, mlangoni, kamba kwenye mti wa uzio. Anselme alikuwa na koti jipya, anatoka jasho. Na mama yake alikuja ameshikana mkono na nani? Na Tantine Gentille.

Hasira juu ya Débora ilikuwa imewaunganisha. Walikuwa wamevaa kitambaa kimoja. Nilikijua kitambaa kile. Nilikuwa nimekishona mwenyewe kwa ajili ya mkutano wetu usiofanyika.

Wazee walisema maneno yao, wakakubaliana. Likabaki jambo la kukabidhi kamba ya ng'ombe. Hapo Mama Anselme akasimama.

"Bazee, mutanisamehe. Neno moja mbele ya ngombe."

Wazee wakamgeukia.

"Bamama wa Ituri wamefungua groupe mupya. Jina yake ni Bila Kukata. Tantine amekubali kurudi. Bule iko, Bambu iko, Mahagi-Port iko. Na tumesema kwa mudomo moja: présidente ni Faida."

Vigelegele. Mama yangu alipiga kimoja kirefu mpaka kuku wakakimbia.

"Sababu huyu binti tulimusema, na akavumilia. Walimufanya ngombe, na hakupiga hata teke." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, sauti ilimkatika kidogo. "Faida, mutoto yangu, mie nilikukosea. Leo nataka Ituri nzima isikie sauti yako. Useme neno dogo tu: kwamba weye, Faida, hautakata sauti ya mutu, kama vile haujakata hata siku moja. Kisha tunafungua kamba."

Akaninyooshea simu.

Wakati huo huo Débora aliingia. Hakuwa amealikwa na upande wowote. Alivaa gauni la kawaida, akakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa jikoni. Minong'ono ikapita kwenye viti. Tantine Gentille alisimama, akageuza kiti chake, akakaa amempa mgongo.

"Sema, mutoto," mama yangu akanisukuma na kiwiko. "Chakula inapoa."

Nikabonyeza. Kile kipaza sauti chekundu kikawaka. Sekunde zikaanza kuhesabu.

"Bonjour bamama. Mie ni Faida."

Sekunde ya nne. Ya tano. Anselme alinitabasamia. Ya nane. Hotuba zote tatu zilikuwa zimenitoka. Nilimtafuta Débora nimwombe kwa macho siku moja tu zaidi, siku moja tu. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mgongo wa shangazi yake, vifungo vya gauni, kimoja kilikuwa kimefunguka, na mkono wake ulikuwa umeinuka kidogo kutoka magotini, kama anataka kwenda kukifunga.

"Débora hakukata kitu," nikasema. "Ni mie nilikata. Peke yangu. Niliogopa kukosa bwana, nikakamata jibu ya ngombe, nikadanganya mama mukwe yangu, nikaharibu jina ya Tantine. Halafu nikaacha rafiki yangu alipe. Ni ile tu."

Nikaachia kidole. Ikaondoka.

Kisha, kwenye mikoba ya wanawake wote chini ya turubai, simu zikaanza kulia. Ting. Ting. Ting-ting. Hakuna aliyetoa yake. Walikuwa wamesikia.

Isipokuwa shangazi yangu mmoja aliyekuwa jikoni. Alitoka mbio, mwiko mkononi, simu mkono wa pili:

"Mumesikia? Faida anasema ni yeye ali..."

Akaona nyuso zetu. Akarudi jikoni.

Tantine Gentille alinyanyuka wa kwanza. Alikibeba kiti chake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akavuka uwanja wote na magoti yale, akakiweka kando ya Débora. Akakaa. Débora akanyoosha mkono, akamfunga kile kifungo.

Mama Anselme alikuwa bado amesimama. Uso wake sikuweza kuusoma. Nilikuwa nimezoea mkono wake, sio uso.

"Anselme," akasema.

"Mama."

"Enda ku mulango. Fungua kamba ya ngombe."

Anselme akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Nikifungua, Mama, ziende upande gani?"

"Mie nimesema ufungue. Upande, chagua weye mwenyewe, weye ni mwalimu ya hesabu."

Wajomba wakaguna. Baba yangu akainuka nusu, akakaa. Anselme alivua koti lake jipya, akalikunja mara mbili, vizuri, kama anavyokunja karatasi za mtihani. Akaliweka juu ya kiti. Akapita mbele yangu bila kusimama, akainama chini ya turubai, akatokomea.

Tulisubiri. Tukasikia kamba ikikwaruza mti. Tukasikia mjomba mmoja akiuliza kitu, na Anselme akijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, fupi na kavu. Kisha kwato zikaanza kutembea juu ya mawe.

Turubai lilikuwa limeziba mlango wote.

Mama yangu akaniinamia, akanishika mkono.

"Faida," akanong'ona, "weye unaona? Zinaingia, ao zinaenda?"